Mwanafunzi wa Kumi

Mimi si mtu wa visasi. Muulize yeyote pale shuleni. Mtu akinikosea nasahau siku hiyo hiyo, ila nikishasahau naandika nilichosahau, na karatasi naiweka kwenye faili la plastiki kabatini, nyuma ya kamusi. Hapo hapafikiwi na mtu. Tangu nianze kazi sijaona mwalimu mwenzangu anafungua kamusi.

Kwenye lile faili kulikuwa na fomu yangu ya miaka kumi na tisa iliyopita. Wanaosomea ualimu chuo kikuu wanaijua. Shahada peke yake ni pambo la ukutani. Ili serikali ikupe leseni lazima ufundishe vipindi sitini mbele ya wanafunzi wa kweli, kila kipindi kiwekewe saini, halafu fomu ifike ofisi ya leseni kabla ya siku ya mwisho. Yangu ina saini hamsini na tisa. Kwenye mstari wa sitini mtu ameandika kwa wino mwekundu: HAJAKAMILISHA.

Huyo mtu alikuwa mhadhiri wetu. Tulimwita Bwana Sitini, maana ukimletea shida yoyote, hata ungekuwa umeumwa na nyoka, jibu lake lilikuwa moja: "Sitini ni sitini." Siku ya kipindi changu cha mwisho nilikuwa namzika mama yangu. Kesho yake nikamfuata ofisini, macho yamevimba, nikamwomba anipe siku nyingine, moja tu. Alikuwa anakula biskuti. Akajipangusa mdomo, akasema, "Maiti haina haraka, Mwalimu. Ungefundisha asubuhi, ukazika mchana."

Makombo yalibaki kwenye tai yake. Yalikuwa matatu. Nayaona mpaka leo.

Shule iliyonipa ruhusa ya kwenda kusoma haikunipa ya pili. Nikarudi darasani na diploma yangu na leseni ya daraja la chini, na hiyo hiyo ndiyo ninayo mpaka sasa. Halafu dunia nayo ina utani wake: kila mwaka chuo kinaniletea vijana wake wa shahada niwanoe. Naambiwa jiwe la kunolea lenyewe halikati. Basi najifariji hivyo.

Mwaka huu wakaniletea binti mmoja mwembamba, miwani mikubwa, mwandiko wake ubaoni umenyooka kama umepigwa rula. Nikasoma jina la baba yake kwenye fomu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Nikacheka peke yangu mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

"Bado," nikamwambia. "Ila nimeletewa mzigo wangu."

Nisidanganye, wiki ya kwanza nilitaka yule mtoto alipe deni la Bwana Sitini, baba yake. Nikampa darasa la baada ya chakula cha mchana, lile tunaloliita Mnadani kwa kelele zake. Nikakaa nyuma na kalamu, namvizia kama paka anavyovizia panya. Nikamkosa. Nikamvizia wiki ya pili, nikamkosa. Wiki ya tatu akamwinua mtoto mmoja ambaye tangu muhula uanze hajafungua kinywa, akamsomesha aya nzima, na lile darasa la Mnadani likanyamaza kumsikiliza. Nikaweka saini. Kalamu ilikuwa nzito kama mchi.

Nikaiambia chuki yangu: kaa chini wewe, huyu si saizi yako. Mwenyewe atakuja.

Akaja, tena kwa miguu yake.

Ilikuwa hivi. Siku ya kipindi cha sitini cha Binti, baba yake alikuwa na sherehe. Alikuwa amepandishwa kuwa Profesa. Binti akamwambia baba, kesho nina kipindi cha mwisho. Baba akamwambia binti wa Profesa hawezi kukosekana kwenye picha, hayo mengine ataongea na shule. Binti akaenda akasimama kwenye picha. Baada ya hapo watoto wakafunga shule, Alhamisi. Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Ijumaa saa tano asubuhi wakaingia ofisini kwetu, Binti mbele, baba nyuma na tai yake.

"Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni Profesa, baba wa huyu."

"Karibu, Profesa. Hicho kiti kinayumba, egemea kushoto."

Akaegemea kushoto. Hakunitambua hata kidogo. Na hilo nalo nikaliandika kichwani.

"Hapa pamebaki kijimstari kimoja tu," akasema, kalamu yake mwenyewe ananinyooshea. "Weka saini tusipotezeane muda. Sisi ni watu wazima. Hamsini na tisa na sitini, kwani tofauti yake ni nini?"

"Baba, nimekuomba njiani kote usiseme hivyo," Binti akasema.

"Wakubwa wanaongea."

Wenzangu, lile swali nililisubiri miaka kumi na tisa. Nililifanyia mazoezi ya kulijibu bafuni, na ndoo ndiyo ilikuwa Profesa. Na siku lilipokuja sikulijibu. Niliinuka, nikaenda kabatini, nikaondoa kamusi, nikaleta faili.

"Profesa, nisomee hapa. Macho yangu siku hizi." Miwani ilikuwa puani kwangu.

Akasoma. "Ha-ja-ka-mi-lisha." Halafu akauona mwandiko. Akaiona saini chini yake. Akaninyanyulia macho polepole.

"Wewe ni... yule wa msiba."

"Ndiye."

"Msiba gani?" Binti akauliza.

Baba akakohoa. Nikaona nimsaidie. Nikamweleza yule mtoto yote, toka kaburi mpaka biskuti, wala sikupandisha sauti. Hata idadi ya makombo nilimtajia. Alimwangalia baba yake kama mtu anayeangalia hesabu aliyoinakili ubaoni miaka yote, ndiyo kwanza anaona ilikosewa mstari wa kwanza.

"Hayo yalikuwa masharti ya kazi," Profesa akasema.

"Hata haya ni masharti ya kazi. Sitini ni sitini."

Nilidhani Binti atalia. Hakulia. Aliichukua fomu yake mezani, akaikunja. "Usinisainie, Mwalimu. Nitarudia mwakani."

Hapo kisasi changu kikapotea njia. Nimekifuga miaka yote, nimekilisha, halafu siku ya kukifungua kinamrukia asiyehusika! Na mwenyewe amekaa pale ameegemea kushoto, mzima.

"Nani kasema urudie?" nikamwambia. "Hebu kunjua hiyo fomu, soma nyuma. Wanafunzi wa kweli, wasiopungua kumi, walioandikwa kwenye rejista. Pameandikwa wawe na umri gani?"

Akasoma. "Hapajaandikwa."

"Basi saa nane nina darasa langu la watu wazima. Hao hawana likizo."

Uso wake ukafunguka. "Wako wangapi?"

"Tisa."

Ndipo nikamgeukia Profesa, taratibu kabisa. Wazo lile sikulipanga. Mungu ndiye aliyelituma, mimi nimepokea tu.

"Profesa," nikasema, "unajua kuandika jina lako?"

Fomu ya kujiunga na darasa la watu wazima ni fupi. *Mimi fulani naomba kujiunga, ngazi ya kwanza, kwa kuwa nahitaji kujifunza.* Saini. Basi.

"Huu ni udhalilishaji," akasema.

"Ni fomu."

"Nimeandika vitabu vinne mimi!"

"Vizuri, basi jina halitakusumbua."

Akamwangalia binti yake amwokoe. Binti alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Profesa akaandika. Na kalamu ilikuwa ile ile aliyokuja nayo ili nisainie mimi. Nikafungua rejista, nikamwingiza namba kumi, wino mwekundu.

Saa nane darasa likajaa. Mlinzi wa shule, mpishi wa shule, fundi cherehani, muuza nyanya na wenzao watano. Madawati ni ya watoto, magoti ya Profesa yalikaribia kidevu.

"Karibu, mgeni," muuza nyanya akamnong'oneza, mwanamke mwenye huruma kweli. "Usiogope, kaka yangu. Hata mimi nilikuja sijui kalamu inashikwa upande gani."

Sasa, azimio la kazi la wiki ile lilisema barua ya kuomba kazi. Mimi ndiye niliyemfunulia Binti ukurasa wa wiki inayofuata. Binti akasoma mada, akatulia, akaniangalia. Nilikuwa naangalia dari. Kuna utando wa buibui pale ambao nimetaka kuuripoti siku nyingi.

Akageuka, akaandika ubaoni kwa ule mwandiko wake: *Barua ya kuomba radhi.*

Nawaambia, alifundisha. Alieleza unaanzaje, unalitajaje kosa, kwa nini usilizungukezunguke. "Sasa kila mtu amwandikie mtu aliyemkosea kweli kweli," akasema. "Mistari mitano. Si wa kubuni." Akapita dawati kwa dawati, hapa anasahihisha herufi, pale anashika mkono wa mtu. Kwa baba yake akapita kama kwa wengine.

Mlinzi akasoma ya kwake. Alikuwa anamwomba radhi mkewe kwa kuuza redio yake na kusingizia wezi. "Sasa nilikuwa namlinda na nani, kama mwizi ni mimi?" akamalizia, na darasa likapiga makofi.

"Na wewe, mzee, pale nyuma?" Binti akasema.

Profesa akainuka, dawati nalo likainuka naye. Akalishusha. Akasoma:

"Ndugu Mwalimu. Kama ulikwazika kwa uamuzi uliotolewa wakati ule, nasikitika. Taratibu zilipaswa kufuatwa. Nakutakia kazi njema."

Halafu muuza nyanya, huruma yote imemtoka:

"Hiyo *kama* ni ya nini? Alikwazika au hakukwazika?"

"Na *uliotolewa*," fundi cherehani akasema. "Ulitolewa na nani? Na upepo?"

"Hiyo haiombi radhi," mpishi akasema. "Hiyo inaomba ipishwe njia."

Darasa likavunjika mbavu. Jasho lilimteremka Profesa mpaka kwenye tai, pale pale penye makombo yangu. Binti hakucheka. Akalichukua daftari, akapiga mstari chini ya *kama*, akapiga mwingine chini ya *uliotolewa*, akaandika alama.

"Nne kwa kumi," akasema. "Kosa halijatajwa. Mkosaji hayupo. Utairudia nyumbani, uilete kipindi kijacho."

"Ndiyo," Profesa akasema chini chini.

"Ndiyo nani?"

Mnajua jinsi maji ya baridi yanavyoshuka kooni mtu akiwa na kiu ya siku nzima?

"Ndiyo, Mwalimu."

Kengele ikalia. Nikaweka saini yangu kwenye mstari wa sitini, na safari hii kalamu ilikuwa nyepesi kama unyoya. Saa tisa na nusu tukapiga picha ile fomu kwa simu, tukaituma ofisi ya leseni. Jibu likarudi: *Imepokelewa. Vipindi sitini.* Binti akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema "Asante, mama," badala ya Mwalimu. Akaondoka kwa miguu. Gari la baba yake lilikuwa limewashwa getini, akalipita.

Baba akabaki nyuma. Akanisogelea, sauti ya chini.

"Mwalimu, lile jina langu kwenye rejista. Tunaweza tukalifuta?"

"Rejista ya serikali haifutwi, Profesa, wewe ndiye uliyetufundisha. Mwanafunzi anatoka kwa kuhitimu, kuhama au kufa. Wewe unataka lipi?"

Akaenda zake.

Leseni ya Binti ilitoka baada ya wiki sita, daraja la kwanza. Aliniletea nakala. Nimeiweka kwenye faili, juu ya fomu yangu, ili ile iliyo chini ipate mwenzake.

Na mimi kila Ijumaa saa nane naita majina. Moja mpaka tisa wanaitika. Nikifika kumi nalitaja jina lote, na Profesa wake mbele, na darasa zima linanijibu kwa pamoja: "Mtoro!" Mpishi ndiye anayepaza sauti kuliko wote.

Masharti yanasema mwanafunzi asipohudhuria wiki nne aandikiwe barua. Mimi ni mtu wa masharti sasa. Nimeandika, nimepeleka chuo kikuu, kwa mkuu wa kitivo chake: *Mwanafunzi namba kumi haonekani darasani, na bado hajaleta zoezi la barua ya kuomba radhi. Tafadhali afike na mlezi wake.* Bahasha sikuigundisha. Gundi ilikuwa imeisha. Nasikia imepita meza saba kabla ya kumfikia.

Hajajibu. Mwezi huu naandika ya pili. Wenzangu ofisini wananiuliza nitaandika mpaka lini, nawaambia sina haraka. Hata marehemu mama yangu hana.