Mabati ya Mtani

Ukitaka fundi Nkandu akose usingizi, mwambie kwamba saruji inaharibika. Mwezi wa Juni, Mzungu mmoja aliyejengewa nyumba upande wa mjini alimwachia mifuko mitano iliyobaki. Nkandu alishukuru kama mtu aliyepewa mbuzi mwenye mimba. Kisha akaugua, akalala miezi, na alipoinuka ilikuwa Novemba, mawingu yametanda juu ya Elisabethville, na mfuko mmoja umeingiwa na unyevu. Nusu yake ilikuwa imekwisha kuwa jiwe.

Saruji ile ilikuwa ya Virginie, mkewe. Majira ya mvua yaliyopita aliteleza kwenye tope la ua, akavunjika mguu, nao ukaunga vibaya. Kwenye ardhi kavu alitembea kwa fimbo. Kwenye tope hakuthubutu. Na Katanga tope ni la Novemba hadi Aprili. Mwanamke ambaye mtaa mzima wa Albert ulimjua kwa kicheko chake angefungiwa ndani kama kuku anayeatamia, miezi sita, akisikia wenzake wanacheka bila yeye. Nkandu alimwahidi kwamba mara hii atakaa nje na watu, mvua ipende isipende.

Basi akapiga hesabu ya baraza. Alichomeka vijiti vinne mbele ya mlango, akafunga kamba: urefu mita tatu, upana mbili na nusu, unene upana wa kiganja. Saruji iliyobaki, mifuko minne na nusu, ilitosha barabara, hata kijiko cha ziada hakuna. Mchanga, toroli saba. Kokoto, kumi na moja. Yeye hakuwa wa kudanganywa na vitu vikavu, maana mchanga hujificha katikati ya kokoto, na fundi anayejumlisha toroli bila kukumbuka hilo huishiwa zege kazi ikiwa njiani. Mwisho wa hesabu akaweka turubai. Zege mbichi ikinyeshewa, saruji huoshwa ikaishia mferejini, na saruji nyingine angeitoa wapi?

Jirani yao alikuwa Chileshe, mfanyakazi wa reli. Chileshe alikuwa wa ukoo wa Mvua, Nkandu wa ukoo wa Uyoga, na kwao Luapula koo hizi ni watani tangu enzi za mababu. Uyoga hauoti bila mvua, kwa hiyo mtu wa Mvua hujiona mlezi wa wote. Mtani hukutukana mbele ya mkeo, hukuchukulia kitu chako mchana kweupe, nawe ukikasirika aibu ni yako. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayekuchimbia kaburi.

Asubuhi ya kumwaga zege, Nkandu na shemeji yake Anaclet wakiwa wanakoroga, Chileshe akaingia uani.

"Weye Bowa," akasema, kwa kuwa ndivyo uyoga unavyoitwa kwao, "unamwanga béton mu mwezi ya baba yangu Mvula, na haukumuomba ruhusa?"

"Baba yako njo nani? Bantu ya Mvula bote bavivu. Leo bangali banalala."

"Ah bon! Basi hii haina na kazi." Chileshe akabeba turubai begani. "Utaipata ukinipa kuku."

Akaenda nalo. Virginie akatazama mawingu, akamtazama mumewe.

"Nkandu, turubai!"

"Atarudisha. Iko utani tu."

Mchana zege ilikuwa imemwagwa yote, ikajaa kamba kwa kamba kama hesabu ilivyosema, na Nkandu akapitisha ubao wa kusawazishia huku akipiga mluzi. Mara upepo ukageuka, ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Akatupa ubao, akakimbilia kwa Chileshe. Alimkuta mlangoni, na uso wake haukuwa wa utani.

"Iko wapi?"

"Nilipatia bantu ya lori ya makala ya kupikia, inaenda mu pori hapa karibu. Balisema itarudia mbele ya saa sita. Haiyarudia."

Nkandu alikuwa na hasira, lakini mtani hakasirikiwi. Alirudi akatandaza blanketi lake na magunia mawili, vikafunika pembe moja tu. Virginie alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

Matone ya kwanza yakaanguka. Hapo wakasikia kishindo ng'ambo ya ua, kisha kingine. Chileshe alikuwa juu ya nyumba yake, anasukuma chini mawe yaliyoshikilia mabati. Ndani, Annie, mke wake, alikuwa akipiga kelele na kuburuta godoro.

"Anaclet! Kamata!" Chileshe akaita, na bati la kwanza likavuka uzio.

Wakapanga matofali pembeni, wakalaza mbao, wakapandanisha mabati juu yake moja moja. La mwisho lilifika pamoja na mvua yenyewe, mvua ya Katanga isiyojua kubisha hodi. Upepo ulitaka kuyang'oa. Chileshe alijilaza juu ya ukingo wa mabati kwa tumbo lake, viganja vikitoka damu, akaitukana mvua matusi yote aliyokuwa amemwekea Nkandu.

Zege ilihitaji siku tatu chini ya mabati. Chileshe, Annie na watoto wakalala kwa Nkandu, maana kwao palikuwa mbingu tupu. Jioni ile, sahani ya bukari, ugali wa Katanga, ikiwa katikati yao, Nkandu alijaribu kushukuru.

"Chileshe, ndugu yangu…"

"Nyamaza, Bowa. Miye nilikuwa ninapima tu kama bati yangu itafika kufunika kaburi yako."

Wakacheka, na shukrani ikaishia hapo, kwa kuwa mtani hashukuriwi.

Siku ya nne wakafunua. Baraza ilikuwa ngumu, ya kijivu, ina vishimo vidogo vya matone kwenye pembe moja. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Virginie akatoka peke yake, fimbo ikigonga saruji, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni. Hakuteleza. Akasimama pale mvua ikimlowesha kitambaa cha kichwa, akavuta pumzi ndefu. Kisha akamwita Chileshe, aliyekuwa anaondoka na bati la mwisho, akamshika kiganja chenye vidonda.

"Miye niko Muluba wa Kamina. Utani yenu hainiangalie, haiko yangu. Ulibomoa nyumba yako sababu ya muguu yangu. Asante, Chileshe. Asante sana."

Chileshe, mtu mwenye jibu kwa kila tusi, alimgeukia Nkandu kama anayeomba msaada.

"Na miye pia," Nkandu akasema. "Asante."

Chileshe akajitwisha bati lake, akapanda juu ya nyumba yake, akaanza kuyapanga mabati akiwa amewapa mgongo. Virginie aliletewa kiti. Alikaa nje, na watu wakaja mmoja mmoja kukaa naye, mpaka bati la mwisho la Chileshe liliporudi mahali pake.