Dereva Asiyegeuka

Mama Katungu alikuwa amewajaribu madereva watatu kabla ya Ignace, na wote watatu walishindwa na ile jeep yake mpya. Si kwamba hawakujua kuendesha. Wawili kati yao walishika usukani tangu ujana, wakipeleka malori ya chumvi na mabati hadi Buta. Kilichowashinda ni kurudi nyuma. Duka lake la jumla, karibu na soko kuu la Kisangani, lilikuwa na kiwanja kirefu chembamba, upande mmoja ukuta wa jirani, upande wa pili kontena mbili za bidhaa. Kila dereva alipotia gia ya kurudi nyuma, gari lilianza kulia pi-pi-pi, kisha likajifunga breki lenyewe, na dereva akashtuka akidhani amekanyaga mtu. Yule wa tatu alishuka, akarudisha funguo, akasema yeye haendeshi gari linalobishana naye.

Ndipo akaja Ignace, mwezi wa nne wa mwaka 2025, mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Alisema anatoka Goma, na kwamba kule aliendesha magari ya aina hiyo miaka sita katika shirika moja la misaada. Mama Katungu alikuwa mjane wa Kinande, mzaliwa wa Butembo, aliyekuja Kisangani zamani na marehemu mume wake na kubaki na biashara. Hakuuliza mengi. Alimwambia tu aliingize gari kati ya ukuta na kontena.

Ignace alikaa, akarekebisha vioo vya pembeni, akatazama kioo kidogo cha katikati, pale kamera ya nyuma inapoonyesha picha. Akabonyeza kitufe, akaondoa mikono kwenye usukani na kuiweka magotini. Usukani ukaanza kuzunguka wenyewe, kushoto, kulia, tena kushoto, yeye akisaidia kwa mguu wa breki tu. Wapagazi waliacha magunia wakasogea kutazama. Gari liliingia mahali pake taratibu, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Mama Katungu akamwambia aanze kazi kesho yake, saa moja asubuhi, kwa kuwapeleka watoto wake wawili shule.

Katika wote waliokuwa wakitazama, hakuna aliyeona kwamba dereva yule hakugeuka hata mara moja.

Hakugeuka kwa sababu hakuweza. Mwisho wa mwezi wa kwanza, vita vilipoingia Goma, Ignace alikuwa Walikale kikazi, amepeleka katoni za dawa. Barabara ikafungwa nyuma yake. Gari la shirika likaachwa uani kwa mapadri, na kila mtu akajitafutia njia. Yeye alipanda juu ya mizigo ya lori moja lililoelekea Lubutu, pamoja na watu wengine thelathini waliokuwa wakikimbia, na kabla ya kufika Lubutu lori likalala ubavu kwenye tope. Wengi walitoka na michubuko tu. Ignace aliangukia bega na kichwa. Mzee mmoja anayejua mambo ya mifupa alimkanda kwa mafuta ya mawese siku tisa mfululizo. Maumivu yalipungua, lakini shingo ikabaki imekakamaa kama mti. Aliweza kuinamisha kichwa kidogo. Kukigeuza kushoto au kulia, hapana. Akitaka kutazama kando ilimbidi ageuze mwili mzima kuanzia kiunoni, na ndani ya gari, mkanda ukiwa kifuani, hilo haliwezekani.

Hakumwambia mtu. Goma alikuwa amewaacha mke wake Euphrasie na binti yao Plamedie. Walipozungumza kwa simu, siku mtandao ulipokubali, aliwaambia kwamba amepata kazi, anakula vizuri, mwili uko sawa. Euphrasie naye alimwambia kwamba wao wapo nyumbani, wametulia, wanauza makaa kidogo mlangoni. Kila mmoja alimpa mwenzake habari kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mgonjwa maji kwa kijiko.

Alipanga chumba kimoja mtaa wa Tshopo, uani kwa Mama Sikujua, mama mmoja wa Kindu aliyeuza lituma, ndizi za kutwanga, kila asubuhi. Watu wa uani pale hawakuwa wabaya. Siku za kwanza walimwita akipita: huyu anamsalimu kutoka mlangoni, yule wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, anampigia kengele kutoka nyuma. Mtu mwenye shingo hugeuza uso tu, akajibu, akaendelea na safari yake. Ignace ilimbidi asimame, azunguke mzima mzima kama askari kwenye gwaride, ndipo amwone aliyemwita. Alifanya hivyo mara mbili tatu, akaona watoto wakimwiga, akaona haya. Tangu hapo akiitwa kwa nyuma alijifanya hakusikia, akaendelea kutembea. Mwezi wa sita hakuna aliyemwita tena. Siku moja, akiwa amelala chumbani mwake mchana wa Jumapili, alisikia mwanamke mmoja akimwambia Mama Sikujua nje ya ukuta wa mbao:

“Ule mutu wa Goma iko na lulendo.”

Lulendo ni majivuno. Ignace alitaka kuinuka atoke awaeleze. Lakini awaeleze nini? Neno likishatoka uani hufika sokoni kabla ya mwenye neno. Na nani atamkabidhi gari dereva asiye na shingo?

Dukani ilikuwa vilevile. Adhuhuri madereva walikaa juu ya magunia wakila wali na pondu ya majani ya muhogo, na mazungumzo yao siku hizo yalikuwa hayo hayo ya magari mapya. Mmoja, dereva wa daktari, alisimulia jinsi gari lake linavyoogopa majani marefu: likiona nyasi nyuma linasimama kama limeona nyoka. Mwingine alirudi nyuma akiitegemea kamera, kumbe lenzi imezibwa na jani bichi, akavunja meza ya muuza mikate. Hubert, aliyeendesha lori la Mama Katungu kwenda Banalia, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye kucheka kwa urahisi, alimwomba Ignace amwonyeshe namna ya kile kitufe. Ignace alimjibu kwamba patroni wao, Mama Katungu, hataki. Ulikuwa uongo. Aliogopa tu kwamba Hubert akikaa kiti cha pembeni ataona kichwa kisichogeuka. Baada ya hapo akawa anakula peke yake ndani ya jeep, vioo vimepandishwa.

Ile kamera ikawa macho yake. Aliijua Kisangani ya nyuma yake kupitia kile kioo kidogo tu: akina mama wenye mabeseni, wanafunzi, mbuzi, baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi. Kuna nyakati, akimsubiri Mama Katungu mbele ya benki au kanisani, alitia gia ya kurudi nyuma bila nia ya kwenda popote, mguu kwenye breki, ili aone nani anapita. Mtoto mmoja wa kike aliwahi kuigundua kamera akaipungia mkono. Ignace alimpungia vilevile, ingawa alijua mtoto haoni kitu.

Mwezi wa kumi mvua zilikuwa zimekolea. Mama Katungu alitaka kwenda mwenyewe Bengamisa, kuonana na muuzaji wake wa zamani na kutazama mchele. Walikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, saa tisa mchana, mvua ikawakuta njiani, mvua ya kule isiyo na huruma. Walivuka daraja moja la magogo juu ya kijito, wakiwa wametoka kwenye magogo hatua chache tu, na mbele yao, kwenye njia iliyobanwa na msitu pande zote mbili, lori la jeshi likawa limesimama. Askari mmoja alishuka akaja dirishani kwa Ignace. Hakuwa mkali. Alisema wamebeba majeruhi, lori lao haliwezi kurudi kwenye utelezi ule, basi wenye jeep ndio warudi ng'ambo ya daraja wawapishe.

Ignace alitia gia ya kurudi nyuma. Kioo cha kamera kilionyesha ukungu wa kijivu. Alishuka akafuta lenzi kwa kitambaa, akarudi. Ukungu ule ule, maji yameingia ndani. Alipoachia breki, gari lililia kwa nguvu, kwa majani, kwa tope, kwa kila kitu, likasimama lenyewe. Akajaribu tena, likasimama tena. Akakizima kitufe cha mitambo ile yote. Ndani ya gari kukawa kimya, isipokuwa mvua. Vioo vya pembeni vilitiririka maji. Daraja lenyewe lilikuwa na upana wa gari moja, bila ukingo, na katikati lilijipinda kidogo.

“Papa Ignace, geuka basi uangalie nyuma,” alisema Mama Katungu kutoka kiti cha nyuma.

Ignace alishika usukani kwa mikono miwili. Askari alikuwa bado amesimama kwenye mvua akiwatazama.

“Mama,” alisema, “shingo yangu haigeuke.”

“Haigeuke namna gani?”

“Haigeuke hata kidogo. Tangu mwezi wa pili, lori ilituangusha kule Lubutu. Kamera njo ilikuwa inaniangaliaka nyuma.”

Ignace alisikia viatu vya Mama Katungu vikidondoka sakafuni, kimoja, kisha kingine, halafu mlango ukafunguka. Alidhani anakwenda zake kwa miguu, na moyoni akaona ni haki yake. Lakini yule mama alikaza kitenge kiunoni, akavuka magogo peku hadi ng'ambo, akageuka, akasimama upande wa kushoto mahali kioo kinapofika, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Ndivyo alivyomwelekeza marehemu mume wake miaka ishirini iliyopita katika barabara ya Butembo na Beni, wakati walipokuwa na lori moja na wao wenyewe ndio utingo.

Ignace aliteremsha dirisha mvua iingie, akakifuta kioo kwa kiganja, akamfuata. Kidole kushoto, akaenda kushoto. Kiganja kikamwita, akaja. Katikati ya daraja gogo moja lilipasuka chini ya gurudumu la kulia, na ngumi ya Mama Katungu ikasimama hewani. Akasimama. Alikaa hapo akimtazama mwanamke mdogo aliyeloa ndani ya kioo kilicholoa, mpaka ngumi ikafunguka na kidole kikamwita tena, polepole, polepole. Magurudumu ya nyuma yakagusa udongo. Lori la jeshi likapita. Chini ya turubai walilala watu kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Walikaribia mji, wakafika daraja la mto Tshopo, karibu na bwawa la umeme.

“Watoto wangu wawili unawapelekaka masomo kila siku,” alisema Mama Katungu.

“Ndiyo, mama.”

“Na ulinyamaza.”

“Nilinyamaza.”

Kesho yake Mama Katungu alimpokonya funguo. Hakumfukuza. Alimtuma kwanza hospitali akapigwe picha ya shingo, na daktari akasema mifupa imeshajiunga vibaya, labda Kinshasa kuna mtu anayeweza kujaribu. Kisha akampa kazi ya ndani ya duka, kupima misumari na kukata kamba, na kumwagiza kwanza amfundishe Hubert ile jeep kwa wiki moja.

Hubert alijifunza haraka. Usukani ulipozunguka peke yake alicheka kama mtoto. Lakini hakuwa mjinga: kila mara, kabla ya kuamini kioo, aligeuza kichwa akatazama juu ya bega lake, kushoto na kulia. Ignace, kutoka kiti cha pembeni, aliitazama shingo ile ikizunguka, nyepesi, bila mwenyewe kujua kwamba anafanya jambo.

“Kumbe njo sababu,” alisema Hubert siku ya tatu. “Sisi tulisema uko na majivuno. Pardon, papa.”

Ignace alimjibu kwamba si kitu. Habari ilifika Tshopo, kama alivyojua itafika. Sasa watu wa uani walipotaka kumsalimu walizunguka wakaja mbele yake, na wengine waliongea kwa sauti ya juu, kana kwamba shingo mbovu huziba na masikio. Walimwonea huruma. Zamani walimwonea hasira. Hakujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa zito zaidi kulibeba, ila aliona kwamba katika yote mawili bado alikula peke yake.

Jumapili moja, baada ya misa ya pili, Goma ilipatikana kwenye simu. Ignace alisimama dirishani, mahali pekee chumbani penye mtandao, akamwambia Euphrasie habari yote: lori, Lubutu, shingo, kamera, daraja, misumari. Alisema kwa haraka, akiogopa laini isikatike katikati.

“Baba Plamedie,” alisema Euphrasie, “na mimi nilikudanganya. Nyumbani tulitoka tangu mwezi wa tatu. Kuko watu wengine ndani. Niko nalala kwa dada ya mama, tuko tisa mu chumba moja.”

“Na mutoto?”

“Plamedie alivuka ngambo ya Rwanda, Gisenyi, kutafuta kazi mu nyumba ya watu. Alisema atapiga simu akifika. Ni wiki mbili sasa.”

Ignace alifungua mdomo amuulize ni nyumba ya nani, amekwenda na nani, ana simu gani. Laini ikakatika. Alipiga tena mara tatu, na mara zote tatu sauti ya mwanamke ikamwambia kwa Kifaransa kwamba mtu anayemtafuta hapatikani. Akaiweka simu juu ya ubao wa dirisha, akavuta kiti, akakaa mbele yake kuisubiri. Huko nje Mama Sikujua alikuwa akitwanga ndizi, na mtu fulani alikuwa akimwita mwenzake. Alikaa hivyo mpaka jua likahama ukutani, na simu haikulia.