Siku Waliyoniacha Nimalize

Kila Alhamisi alasiri, wanawake sita wa kanisani kwetu tunakutana kwenye chumba cha mwenzetu mmoja, fundi cherehani. Husukuma mashine yake ukutani, akakunja nguo za wateja, tukapata pa kukaa. Tunasoma Neno kidogo, kisha kila mmoja anataja mzigo wake tumwombee. Lakini tulikuwa na mazoea yetu. Mtu akianza kusema jambo zito, sauti ikatetemeka, mmoja wetu anaanzisha wimbo. Tunadakia wote na makofi juu, na wimbo ukiisha mwenzetu ameshafuta machozi, zamu imepita. Tuliona huko ndiko kumfariji. Mimi mwenyewe nimewaimbia wengi.

Mwanzishaji mkubwa ni yule tunayemwita Redio, maana akiwashwa hazimiki.

Alhamisi hiyo nilichelewa, magoti yakiniuma. Mume wangu alikuwa seremala. Miaka mitatu iliyopita alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na ulimi ukawa mzito. Ninamgeuza, ninamwosha, ninamlisha. Alhamisi tu ndipo jirani hukaa naye kwa saa mbili.

"Shikamoo bibi," fundi akanipokea. Akanisogezea kiti chake chenye mto, yeye akaketi juu ya furushi la vitambaa, kama vile alipenda kukaa hapo.

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, kwa mwendo huo Yesu atarudi akukute njiani," Redio akasema.

"Basi atanibeba. Nitashukuru sana."

Wakacheka. Mama mchungaji akanishika bega. "Jumapili tunamsimamisha bibi mbele ya wake wote, atufundishe uvumilivu. Miaka mitatu hajanung'unika hata siku moja! Nimeshamwambia mchungaji."

Nilijua nisiposema siku ile, Jumapili ningesimama kulidanganya kanisa zima, halafu ningerudi nyumbani kumtazama mzee wangu usoni.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Jumanne nilimtenda vibaya mume wangu. Asubuhi nilikuwa nimeshabadilisha mashuka mara mbili. Akaniita tena. Na mimi..."

Sauti ikakatika. Hapohapo Redio akaanzisha wimbo, wenzake wakadakia. Nisiwafiche, nilipata nafuu. Nikaanza kupiga makofi na mimi.

Fundi hakuimba. Aliinuka, akamshika Redio mkono taratibu. "Dada, subiri kwanza. Bibi hajamaliza."

Wimbo ukafa kidogo kidogo. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Fundi akarudi kwenye furushi lake, akaniambia, "Tunakusikia, bibi."

Nikamaliza. Niliwaambia nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni, mikono mapajani, nikimsikia akiniita. Aliita mara nyingi, na mimi sikuwa na kazi yoyote mkononi. Nilikaa tu mpaka jua likanifikia miguuni. Nilipoingia nikakuta amejaribu kujigeuza mwenyewe, uso umeelekea ukutani, mkono mbovu umelaliwa chini, shuka limelowa. Nikamwambia nilikuwa kwa jirani. Akanitazama, akasema kwa ule mdomo wake wa nusu, "Pole na kazi."

"Pole aliyonipa ndiyo inayoninyima usingizi," nikasema. "Basi. Nimemaliza."

Hakuna aliyeimba. Mama mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. "Kumbe na wewe ulikuwa unatuita, na sisi tunakupa sifa badala ya msaada," akasema. "Nisamehe, bibi. Jumapili hatukusimamishi. Utakaa, na sisi tutakaa pembeni yako."

Redio alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya khanga yake. "Mimi huwa naimba kwa woga," akasema mwishowe. "Naogopa mtu asije akasema kitu kinachofanana na changu."

"Chako ni kipi?" mmoja akauliza.

"Mwacheni," nikasema. "Atasema akiwa tayari. Tutakuwepo."

Jioni fundi alinisindikiza. Alimuaga jirani, akabaki jikoni kuosha vyombo nilivyoviacha asubuhi, mimi nikaingia peke yangu chumbani.

"Mzee," nikasema, "Jumanne sikuwa kwa jirani. Nilikuwa hapo jikoni. Nilikusikia, nikakataa kuja."

Akageuza uso upande wa pili, nikaona machozi yakimshuka mpaka kwenye sikio. Nilitamani aseme si kitu. Hakusema, kwa kuwa jambo lile lilikuwa kitu. Nikasimama pale nimeshika chuma cha kitanda, nikisikia maji na sahani jikoni.

"Niliogopa," akasema, neno moja kwa shida. "Nilidhani... umeanguka."

"Nisamehe, baba."

Akapumua. Ulimi ulihangaika kabla ya kumtii. "Ukichoka... sema."

Miaka mitatu watu wananiuliza hali, na kila mara nawajibu namshukuru Mungu, sijambo. Nikavuta kigoda karibu na kichwa chake.

"Nimechoka, baba. Nimechoka sana."

"Haya," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Hakuniomba maji, wala kugeuzwa. Fundi alichungulia mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akatuona, akarudi jikoni polepole bila kutuita.