Aliyelala Macho Wazi

Katika apollo yetu, yaani mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, aliyesinzia alimwagiwa ndoo ya maji ya ziwa usoni, kisha akaitwa bwana harusi mpaka mwezi mwingine. Mimi, Nuhu, nimeoa mara kumi na moja. Nahodha wetu Swedi alibaki kapera. Siku nne za giza la mwezi alivua ndagala, dagaa wa ziwa letu, usiku, na mchana akashinda akisukuma mashine ya mawese.

Mwalimu Domitille, anayefundisha biolojia Rumonge na kununua ndagala kwetu, alimwonya. Alisema kila mnyama anayenyonyesha hulala, ingawa kulala ndiko kunakomfanya aliwe. Kiboko hulala chini ya maji, hupanda kuvuta pumzi, akazama tena bila kuamka. Pomboo hulaza nusu ya ubongo huku nusu ikiogelea. Mamilioni ya miaka yamepita, na hakuna aliyefaulu kuacha usingizi.

"Ubongo ukinyimwa, kaka, hujichukulia wenyewe."

"Wangu una adabu, mwalimu," Swedi akajibu. "Unabisha hodi kwanza."

Tulicheka sana, mimi zaidi ya wote.

Asubuhi ya tano tulikuwa tunarudi pwani ya Minago. Swedi alisimama mbele, kasia kifuani, akiangalia tusigonge viboko. Nilikuwa na ndoo tayari, kwa kuwa nilimwona ameyumba. Nikamchungulia. Macho yalikuwa wazi kabisa, yanatazama maji. Nikaiweka ndoo chini.

Mtumbwi ukapanda juu ya kitu laini.

Nadhani kiboko naye alikuwa usingizini, kwa hiyo wakaamka pamoja, na mnyama ndiye aliyewahi. Taya zikaubana mtumbwi wa kushoto, mbao zikapasuka kama mihogo mikavu. Swedi akaanguka majini, taya zikamdaka mguu. Nikasikia mfupa ukivunjika. Maji yakawa mekundu, ndagala wakaelea katikati ya damu. Nilimpiga mnyama puani kwa kasia mpaka likakatika, nikampiga kwa kipande, nikampiga kwa taa. Jino likanichukua vidole viwili bila hata kunitambua. Alipoachia, nilimshika Swedi nywele nikamvuta juu ya miti. Mguu ulikuwa umeshikwa na ngozi tu.

Alinitazama. "Nuhu, mbona hukunimwagia?"

Nikavua shati, nikamfunga mguu.

Hospitalini walimkata chini ya goti. Daktari akasema damu imempungua sana; akipata usingizi, huenda akapona. Basi nikaketi mlangoni siku mbili, bandeji mkononi, ndoo imejaa maji miguuni. Wenzetu walipokuja na kelele zao niliinyanyua tu, wakavua viatu. Muuguzi aliniambia hairuhusiwi. Nikamwonyesha ndoo.

Siku ya tatu Swedi aligeuka ubavu, akakoroma. Mwalimu Domitille, aliyeleta uji, alicheka huku analia. Mimi nikamnong'oneza sikioni, polepole asiamke: hongera, bwana harusi.