Kicheko cha Msibani

Sabra alirudisha rekodi nyuma kidogo, akaisikiliza tena kuanzia pale kicheko kinapoanza. Hedifoni zilikuwa zimembana masikio, lakini hakutaka kuzivua, maana akizivua atalazimika kuzungumza na mjomba wake.

Mjomba Sele alikaa kiti cha jirani, kipande cha mkono wake wa kushoto amekificha ndani ya mfuko wa koti. Alikuwa ametoka Kigombe alfajiri. Hakuwahi kuingia maktaba ya chuo, naye alinong'ona kama yumo msikitini.

"Bado hujaifuta tu?"

"Bado, mjomba. Nasikiliza kwanza."

"Si ulishasikiliza?"

Sabra aliongeza sauti ya rekodi. Hapo ndipo lilipolala jambo lenyewe.

Utafiti wake ulihusu uvuvi wa baruti. Bibi yake, mama mzazi wa Sele, alipofariki, Sabra alikuta wanaume barazani wanazungumza habari za bahari. Akamwomba mjomba ruhusa, akaiacha simu inarekodi juu ya mkeka, yeye akarudi uani kwa wanawake, kwenye vilio na masufuria. Baadaye rekodi zote alizitia kwenye akili mnemba ambayo maktaba ilikuwa imewafungulia wanafunzi. Unaipa sauti, inakutolea maandishi, muhtasari na nukuu za kuweka kwenye sura yako. Masharti yalitaka mtafiti asikilize kila rekodi mwenyewe na atie saini. Sabra alitia saini. Hakusikiliza.

Kumbe simu ilimnasa Noa. Noa ni Mbondei wa Muheza, mtani wa ukoo wao tangu enzi za mababu, na msibani mtani ana kazi yake: kuwatukana wafiwa mpaka wacheke. Leo ndiyo kwanza Sabra alimsikia.

"Jeneza halitoki!" Noa alikuwa akipiga kelele, bila shaka amejilaza mlangoni. "Mama huyu kauawa na mwanawe! We Sele, mkono wako uliuacha wapi?"

"Baharini," sauti ya mjomba ikajibu, bado ina kamasi za kilio. "Baruti iliuchukua."

"Na samaki?"

"Wakaula. Nawe ukawala hao samaki, ndiyo maana umenenepa hivyo."

"Baruti nyingine iko wapi, mwizi wewe?"

"Chini ya kitanda cha mama! Libebeni vibaya hilo jeneza muone, nitawalipua wote!"

Baraza zima likaangua kicheko.

Kigombe nzima inajua kwamba mkono wa Sele ulikwenda na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, alipokuwa kibarua shambani ujanani. Akili mnemba haikujua. Iliandika hivi: mshiriki anakiri kupoteza mkono katika uvuvi wa baruti na kuhifadhi vilipuzi nyumbani kwa mama yake, washiriki wanacheka, ishara ya kutojali. Jina ilikuwa imelificha vizuri, ikaweka "mvuvi wa Kigombe asiye na mkono wa kushoto". Mvuvi wa namna hiyo Kigombe ni mmoja.

Msimamizi wa Sabra, Dokta Luqmani, aliupenda muhtasari huo, akausoma kwenye kikao cha wadau wa bahari. Wiki hiyohiyo doria ilifika. Walivunja kitanda cha marehemu, hawakuona kitu, wakachukua ngalawa na nyavu. Sele alilala mahabusu, akatoka kwa dhamana. Kesho asubuhi anatakiwa kituoni. Wanakijiji walipoeleza habari za mtani, waliambiwa mnalindana. Noa alipokwenda kujieleza, naye aliandikwa kuwa mshirika.

"Yule mkubwa wako akiandika barua kwamba mashine imekosea, wataniachia ngalawa," alisema Sele. "Ndivyo walivyoniambia."

Dokta Luqmani aliingia akiwa na kikombe cha chai. Alimwona Sele, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ndiye huyu?" akamuuliza Sabra. "Mzee, samahani, hebu tuuone huo mkono."

Sele aliutoa mfukoni. Luqmani aliutazama huku akikoroga chai.

"Korona huwa inakata safi hivi?"

"Hukata itakavyo, mwanangu. Haiulizi."

Luqmani akacheka kidogo, akavuta kiti. "Sabra, niliona mlivyojadiliana na hicho chombo. Umekiuliza kama ni utani, kikasema uko sahihi. Mimi nami nilikiuliza kama ni ungamo, kikasema niko sahihi. Kwa hiyo tukiweke kando. Tubaki na mwenye masikio. Kabla ya kuniletea sura hii, uliisikiliza rekodi mwenyewe?"

Sabra alitazama kioo cha kompyuta.

"Usiniambie ulisikia utani ukaandika ungamo," Luqmani aliendelea kwa upole uleule. "Kama hukusikiliza, sema. Nitaandika barua ya mzee sasa hivi, hapohapo ulipokaa. Sura naitupa, na saini yako naipeleka kwenye kamati. Ufadhili wako unaujua mwenyewe. Ulisikiliza?"

Mjomba alimgeukia. Uso wake ulikuwa na matumaini mengi mno.

"Ndiyo," alisema Sabra. "Nilisikiliza."

"Basi tumemaliza." Luqmani akanyanyuka na kikombe chake. "Mzee, safari njema. Wasalimie Kigombe."

Sele alingoja mpaka mlango ufungwe, ndipo akamshika mpwawe bega.

"Ahsante, mwanangu. Umesema mbele ya mkubwa wako. Umesikia kwa masikio yako, unajua ni maneno ya Noa tu. Kesho nitawaambia muulizeni mpwa wangu, msomi, yeye ni shahidi. Na barua ataiandika lini?"

Sabra alifungua mdomo. Angeweza kumweleza palepale kwamba jibu lake ndilo lililoizuia barua.

"Kesho, mjomba."

"Nami nilimwambia Noa usijali, tuna mtoto wetu chuoni. Akasema mtoto mwenyewe ana pua kama ya kwako, atatufunga wote." Akacheka peke yake, kicheko kilekile cha kwenye rekodi, akarudisha mkono mfukoni na kutoka.

Sabra alifungua ukurasa mpya. Akaandika: *Mimi, mtafiti, nathibitisha kwamba rekodi hii*. Akasimama hapo. Chini ya maneno hayo chombo kilimuuliza kama kimsaidie kumalizia.

Consolata wa maktaba alikuwa ameshaanza kuzima feni upande wa madirisha.

"Tunafunga, dada. Hifadhi kazi yako, utaendelea kesho."

"Kesho mnafungua mapema?"

"Saa tatu, kama siku zote."

Mjomba alitakiwa kituoni saa mbili. Sabra alihifadhi, akazima kompyuta, akakunja hedifoni taratibu na kuzirudisha kwenye boksi lake.