Salamu Tu

Barua ya halmashauri ilikuwa fupi. Baada ya miezi sita ya majaribio, fedha za umma kwa simu ya kuwasikiliza watu waliokata tamaa zingekoma, na laini ingekatwa kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Sababu ilikuwa moja: katika daftari la huduma, zaidi ya nusu ya simu zilizopokelewa ziliandikwa "salamu tu."

Kerubo aliisoma akiwa bado na sare ya unesi, katika chumba cha kupokelea simu hizo, juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Alum Rock, huku ughaibuni. Mwandiko wa daftari ulikuwa wake.

Lakini angeandika nini? Kwao Kisii, aliyejiua hatajwi; husemwa aliugua ghafla, basi. Wahindi waliofukuzwa Uganda nao walikuwa na aibu ile ile. Walipiga simu kwa Kiswahili walichotoka nacho Kampala, wakaulizia mihogo, wakalalamikia baridi, wakanyamaza, wakalia kidogo. Kerubo akawasitiri. Wodini kila wiki aliwapokea waliomeza vidonge kupita kiasi, na hakutaka mtu yeyote aandikwe karibu na neno lile. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Hawakusema lolote juu ya anayemfichia mwenzake.

Kila Alhamisi saa kumi hupiga Kanta, mjane aliyepewa nyumba ya halmashauri kule mtaa wa Kingstanding, asikojua mtu. Leo saa kumi ilifika, simu kimya. Ikafika na robo.

Ikalia. Milio ya simu ya kibandani, ya kudai sarafu, kisha sarafu ikadondoka.

"Habari, sista."

"Nzuri, mama. Za huko?"

"Mimi iko mzuri tu. Leo nasema asante, na kwaheri. Wewe mtu mzuri sana."

Kanta hakuwahi kusema kwaheri. Siku zote alimaliza kwa "mpaka Alhamisi." Na habari za barua hakuwa nazo.

Kerubo aliogopa kama asivyowahi kuogopa. Akiuliza, je, kama yeye ndiye atakayemtia mwenzake wazo hilo kichwani?

"Mama, nisamehe nikikukosea adabu. Unataka kujiua?"

Sarafu nyingine ikadondoka.

"Miezi sita mimi napiga," Kanta akasema taratibu. "Nangoja wewe uulize."

"Umemeza chochote?"

"Bado. Vidonge iko kwa mkoba."

"Uko kibanda gani?"

"Ile karibu na shule."

"Usitoke humo. Nakuja mwenyewe."

Milio ikaanza tena, sarafu zimekwisha, simu ikakatika. Sheria ya huduma ilikataza kumfuata mpiga simu. Kerubo alishuka ngazi mbili mbili bila koti. Ndani ya basi aliomba Mungu kwa Kikisii, kwa sauti, na abiria wakamtazama.

Kanta alikuwa angali kibandani, mkono wa simu sikioni. Nje watu wawili walikuwa wakinung'unika kwenye foleni. Alifungua mkoba, akampa Kerubo chupa ya vidonge, kisha akamshika mkono kwa nguvu hata ukamuuma.

"Alhamisi mimi napiga tena, sista?"

Kerubo akaikumbuka barua. Akawakumbuka na wale wengine wote wa salamu tu, ambao hakuwahi kuwauliza, na hakujua hata vibanda vyao.