Hotuba ya Soko la Jirani

"Mama zangu, hapa hahamishwi mtu," alisema mheshimiwa huku akicheka, kisha akawaomba wafanyabiashara wanaokubali soko likarabatiwe wanyooshe mikono.

Fundi wa vipaza sauti aliyekodiwa kwa mkutano huo alimwona dada yake amenyoosha wake. Akamsogelea na kumnong'oneza, "Dada, shusha mkono. Maneno haya haya aliyasema soko la jirani, pamoja na kicheko chake. Leo pale pamezungushiwa mabati."

"Acha shaka zako, mdogo wangu. Anayetuita mama atatufukuza?"

"Wale nao aliwaita mama."

Dada aliitazama meza yake ya vitambaa, akashusha mkono.

"Nipe hicho kipaza sauti," alisema taratibu. "Nimwulize mwanangu mama zake wengine wako wapi."